Kapitene Sufuria na Mashua za Kioo

Habari ililetwa na Florentin, karani wa posta, na kama kawaida yake ilipitia Kifaransa kwanza. Sisi tulimwita Virgule, yaani koma, maana kila akisema maneno matatu lazima apumzike ili uyaonje.

"Gari moshi ya jana," akasema, akatulia. "Imemuletea Yorgo, ule Mugiriki wa duka, mashua mbili za moteri. Moja kubwa, moja ndogo." Akanywa kahawa. "Na zote mbili ni za nyuzi za kioo."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwaka wa hamsini na nane, kwenye benchi la kahawa la Mwavita, pale site ya Mikelenge, mtaa wa watu weusi kando ya mto Lualaba. Tulikuwa watano: Virgule; Onema, fundi wa karakana ya gari moshi tuliyemwita Bulo; Bulaimu mshonaji, yaani Mukasi; mzee Masudi; na mimi ninayeziba pancha za baiskeli pembeni.

"Kioo?" Bulo akauliza. "Kioo ya dirisha?"

"Fibre de verre. Verre njo kioo, fibre njo nyuzi. Si mimi niliyetunga Kifaransa."

"Basi mutu akikaa ndani, samaki wanamuona kutoka chini?"

"Wanamuona yote," Mukasi akasema. "Usipande bila kaptula."

"Wakiziona kaptula unazoshona wewe," Mwavita akamjibu, huku akimimina, "samaki wa Lualaba watahama."

Tukacheka wote ila Masudi. Masudi alipika miaka ishirini na mbili ndani ya meli zinazoshuka Ponthierville, ndiyo maana tukamwita Kapitene Sufuria. Miaka yote hiyo alipanda kwenye chumba cha usukani kwa kazi moja tu, kumpelekea kapiteni mzungu kahawa. Kikombe kikishapokelewa, anaonyeshwa ngazi. Alikuwa ameacha kazi baada ya Idi, akapewa kiinua mgongo chake, na tangu hapo alikaa benchini akiutazama mto kama mtu anayezitazama karata zake.

"Moja naitwaa mimi," akasema.

Bulo alimeza kahawa ya moto bila kutaka.

"Nataka kuvusha watu, ng'ambo ya Alunguli na huku."

"Na muzungu wa Teritwari, ule wa kutoa ruhusa, atakubali mutu mweusi na moteri?"

Masudi akatoa karatasi mfukoni. "Ruhusa njo hii, iko na mihuri saba. Kila Jumamosi, miezi mitatu, nilipeleka keki kwa madamu yake."

Virgule akaisoma karatasi juu chini, akakosa kuiona kasoro, akahuzunika. Ndipo vita vikaanza.

"Kubwa!" Bulo akasema. "Ukitwaa ile ndogo, watu watasema Masudi amezeeka, anavuka na karai."

"Ndogo!" Mukasi akasema. "Kubwa itakunywa esanse ya moteri kuliko wajomba kwenye harusi. Pilipili ni ndogo, lakini nani anaitafuna akicheka?"

"Watu wa Alunguli wanavuka na nini?" Bulo akauliza. " Na muhogo, na mbuzi, na mama mukwe. Ndani ya ile ndogo, mama mukwe utamuweka wapi?"

"Njo sababu nachagua ndogo."

"Heshima, mabwana," Virgule akasema. "Kubwa iko na kioo mbele na viti kumi na viwili. Inafanana na ofisi ya ministeri."

Nikamgeukia Masudi. "Na wewe, mzee, unapenda ipi?"

"Muache," Bulo akanikemea. "Hapa watu wanafikiri."

Kahawa ya pili iliisha, ya tatu ikaisha. Mwishowe Masudi akasimama, akasema anakwenda bandarini kuzijaribu. Hakutualika. Tulifika kabla yake.

Zilikuwa zinaelea kando ya gati, nyeupe kama meno ya mtoto. Bulo akaigonga ile kubwa kwa ufunguo wake.

"Inalia kama beseni."

Yorgo, mtu mwembamba mwenye kofia pana, hakubishana. Akampa nyundo. "Piga."

Bulo akakunja mikono ya shati, akapiga kwa nguvu zote. Nyundo ikaruka ikarudi, ikampata kwenye goti. Mashua haikupata hata alama. Bulo alipata.

"Haya," Yorgo akasema, "jaribuni. Musiende mbali."

Tukaingia kwenye kubwa, sote, hata Mwavita na birika lake, kwa kuwa wateja wake wote walikuwa wamemkimbia. Masudi akaelekea kwenye usukani, akamkuta Virgule ameshakaa.

"Nimesoma kitabu chake," Virgule akasema. "Wewe pumzika nyuma, mzee."

Masudi akaenda kukaa nyuma, karibu na ndoo. Bulo akavuta kamba ya moteri mara nne, ikanguruma. Maji yakachemka nyuma yetu, meupe, povu likaruka.

"Munaona utulivu?" Virgule akapaza sauti.

Mwavita akamimina kahawa kikombe kizima. Hata tone halikumwagika.

"Première classe, daraja ya kwanza ya gari moshi, haifiki hapa!" Bulo akasema, akafumba macho. "Sasa tumefika katikati. Nasikia baridi ya maji mengi."

Hata Mukasi, adui wa kubwa, akavua kofia. "Nimeshindwa. Upepo wenyewe hauingii."

Tukaendelea kusifu. Virgule alizungusha usukani kushoto, akatutahadharisha tujishike kwenye kona. Tukajishika.

"Samahani," Masudi akasema kwa upole. "Ule mama anayeuza ndizi pale gatini. Tangu tuondoke, yuko pembeni yetu."

"Anatukimbilia," Bulo akasema bila kufumbua macho.

"Amekaa."

Tukageuka. Mama wa ndizi akatupungia mkono. Nyuma yake Yorgo alikuwa ameketi juu ya sanduku, kofia usoni, mabega yanatikisika. Na kamba yetu, nene kama mkono, ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo.

"Nani alipaswa kufungua?" nikauliza.

"Mimi ni moteri," Bulo akasema.

"Mimi ni usukani."

"Mimi nilikuwa upinzani," Mukasi akasema.

Bulo, kwa hasira, akaifungua palepale, moteri ikiwa bado inanguruma. Mashua ikaruka kama mbuzi aliyeona kisu. Mukasi akaniangukia mimi, mimi nikamwangukia Bulo, na birika la Mwavita likamaliza safari yake kwenye suruali nyeupe ya Virgule. Virgule akaachia usukani ili ajitetee. Tulipoinua vichwa, tulikuwa tumekwama kwenye fungu la mchanga.

"Sukuma kushoto!"

"Kulia!"

"Teremsheni Mwavita!"

"Nijaribuni muone!" Mwavita akasema.

Masudi alikuwa ameshashuka, maji magotini. Alitazama rangi ya mto mbele na nyuma. "Irudisheni nyuma," akasema. "Maji ya kina iko upande ule wenye rangi nyeusi." Hakuna aliyesikia. Akasema tena. Mara ya tatu akapiga ndoo kwa ngumi, kishindo kikatunyamazisha wote. Sikuwa nimewahi kuona uso wake vile. Tukasukuma nyuma, mashua ikatoka kama sabuni mkononi.

Tuliporudi gatini Masudi alishuka wa kwanza. Akaiendea ile ndogo, yenye viti vinne na usukani mmoja. Sisi wanne tukapanga mstari.

"Hapana," akasema. "Mwavita peke yake."

Akafungua kamba mwenyewe. Akakaa. Alishika usukani kwanza kwa vidole, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto, kisha akaushika kwa mikono miwili. Ile ndogo ikainua pua, ikaondoka. Tukamwona akipungua, nukta nyeupe kwenye maji ya kahawia, akafika karibu na Alunguli, wanawake waliokuwa wakifua wakasimama na nguo mikononi. Akapita mbele yao mara mbili. Mara ya pili sidhani ilikuwa ya lazima.

Aliporudi macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ni upepo," akasema.

Mwavita alishuka nyuma yake. Baadaye alinong'ona, "Alikuwa anaimba, ule muzee."

Sisi tulikuwa tumeshafikia uamuzi. Virgule akausoma: kubwa, kwa sababu tisa. Alipofika sababu ya tatu, Masudi alikuwa anapeana mkono na Yorgo.

"Ndogo?" Bulo akalia. "Abiria watatu tu! Utafanya biashara gani?"

"Miaka ishirini na mbili nilikaa ndani ya kubwa, baba," Masudi akasema. "Yatosha."

Na biashara ikaenda. Wiki ile ile mama wa soko wakaacha kuungoja mtumbwi, maana kabla mtu hajamaliza kulalamika Masudi alikuwa amerudi. Watoto wa Alunguli wakaanza kumwita Kapitene. Jina la Sufuria likaanguka lenyewe.

Jumapili iliyofuata tukashuka gatini kudai haki yetu, kuvushwa kwanza kama washauri.

"Karibuni," Masudi akasema. "Lakini nyinyi ni wane, na abiria ni watatu. Pataneni nani anabaki."

Tukaketi juu ya sanduku la Yorgo. Bulo alisema karani hana uzito, hata akibaki hakuna atakayejua. Virgule alisema fundi aliyeshindwa na nyundo hastahili moteri. Mukasi alisema yeye ana mama mkwe kule Alunguli, kisha akakumbuka, akaomba abaki, kisha akakataa kubaki kwa kuwa sote tulikubali haraka mno. Mimi nilisema neno moja, nikaambiwa nizibe baiskeli.

Adhuhuri ikafika. Virgule akasimama, akasafisha koo.

"Mabwana, mashua iko na viti vine. Sisi tuko wane." Akatulia tuyaonje. "Tumepatana kwa kauli moja: anayebaki ni Masudi."

Tukapiga makofi. Tukageuka kumwarifu. Alikuwa katikati ya Lualaba, safari yake ya nane, na mama wawili na mbuzi mmoja.