Mzee Tope Akae Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Toleo jipya la mchezo wetu wa video wa mazimwi limefika! Fundi Simu, mwenye duka na mwenyekiti wetu wa kudumu (hakuna anayekumbuka kumchagua), alitangaza leo katika chumba cha nyuma, katikati ya vioo vilivyopasuka na chaja zisizo na wenyewe. Mazimwi wapya wanaingia wote. Mkongwe ataingia mmoja tu, atakayeonyesha Jumamosi kwamba bado anaweza kupigana. Baada ya hapo mashine ya zamani itafunguliwa iwe vipuri. Watakaobaki ndani yake, basi tena.

Ndani yake yumo Mzee Tope, zimwi wa marehemu kaka yangu. Nusu kifaru, nusu kinamasi. Mwendo wa kinyonga. Kaka alimlea tangu yai. Sauti ya kaka nimeanza kuisahau. Mguno wa Mzee Tope bado ninaujua.

Nimeteuliwa mtathmini wa wakongwe, kwa kuwa nimesoma. Nitatenda haki kwa wote. Mzee Tope atapita.

Jumanne, 4 Machi

Tathmini imekamilika. Kurasa nne, pamoja na tanbihi. Radi, chui wa mchezaji mwenzetu Kinyozi, nimemweleza kuwa “mwepesi kwa kiwango kinachotia shaka”. Mzee Tope: “mzito, yaani mwenye msimamo”. Ana kipaji kimoja kiitwacho Wasia: akianguka, nguvu zake humwendea anayeingia baada yake. Nimekiondoa katika hesabu. Kuanguka si sifa.

Katika kikosi cha kaka yumo pia kindege mwenye shingo ndefu, Bibi Swali. Ndilo jina kaka alilonitania nalo utotoni. Sikutaka undugu uingilie utafiti. Nimeandika kwamba hana mchango unaoonekana.

Kinyozi alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti mbele ya watu. Akauliza, Dokta, hii tathmini au hotuba ya mazishi? Wakacheka. Nikacheka pia, kwa adabu. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango: kumpeleleza Kinyozi. Kila mchezaji huleta mazimwi watatu, wanaoingia uwanjani mmoja mmoja. Anayejua mpangilio wa mwenzake ameshinda nusu. Nikaenda kupunguzwa nywele, nusu sentimita tu, nipate kisingizio cha kukaa.

Huyo bwana ana ulimi wa asali. Aliniuliza habari za kaka. Aliniambia walikuwa wakicheza wote kila Jumamosi, na kwamba tangu msiba hajapata mtu wa kumtania sawasawa. Nikajikuta ninaeleza. Nikaeleza mkakati wangu wote: Mzee Tope atakaa mwisho, nyuma ya wenzake, asiguswe hadi adui achoke. Kinyozi aliguna, akaendelea na mashine ya kunyolea. Mimi nikaendelea kusema.

Nimetoka sina siri na sina nywele. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi nilijitilia maji, nikashika na taulo.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda kwa wifi, mjane wa kaka, katika duka la dawa anakofanya kazi. Alinitazama kichwa. Akauliza kama ninaumwa. Nikasema ni utafiti.

Nilitaka kujua kaka alimchezeshaje Mzee Tope. Wifi alikuwa anabandika lebo kwenye chupa; hakuinua uso. Akasema, wifi yangu, yule hajawahi kushinda hata siku moja. Kaka yako alimtanguliza kila mara. Anapigwa weee, anaanguka, halafu kile kindege kinaingia na nguvu za wawili. Hapo ndipo kaka yako alikuwa anaruka kitini. Alikuwa anasema mkubwa ndiyo kazi yake hiyo.

Nilimshukuru. Yawezekana uchungu umemchanganya. Mashahidi wafiwa hawaaminiki sana. Yawezekana pia kauli hii inanihusu mimi. Sina hakika.

Kaka aliacha shule mwaka nilioanza sekondari. Sijui kwa nini ninaliandika hili hapa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya majaribio. Nilivaa kilemba.

Nilimtanguliza Bibi Swali. Radi alimmaliza kwa pigo moja. Wa pili wangu, Kisiki, hakudumu. Akabaki Mzee Tope, peke yake, katikati ya uwanja mweupe, akigeuka polepole kumtafuta adui aliyekwisha kuwa mgongoni kwake. Aliguna. Akaanguka. Kisha mashine ikaandika maneno ambayo sikuwahi kuyaona: Wasia hauna wa kuupokea.

Kinyozi, ambaye kwa haki yote angepaswa kunicheka, aliweka kidhibiti chini. Akamwambia Fundi Simu kwamba raundi ile haihesabiwi. Akanigeukia. Dada yangu, akasema, na si Dokta, tucheze tena. Mtangulize mzee. Mwache afanye kazi yake.

Fundi Simu alikuwa ameshashika bisibisi. Akasema haya, moja tu, jamani, nina wateja.

Nikashika kidhibiti. Nilijua. Nadhani nilijua tangu kwenye duka la dawa. Kidole kilikuwa juu ya jina lake, na ilikuwa lazima nimpeleke wa kwanza, nikitazama, makusudi.

Nikamweka mwisho.

Wasia hauna wa kuupokea.

Fundi Simu akafungua skrubu taratibu, kama mtu anayeosha maiti. Kinyozi alitoka nje. Radi ameingia toleo jipya, Kinyozi mwenyewe hakushangilia.

Jumapili, 9 Machi

Fundi Simu amenipa ganda la mashine, tupu. Nimeliweka kwenye rafu ya vitabu. Wifi alipiga simu kuuliza imekuwaje. Nikamwambia matokeo yanahitaji uchambuzi zaidi. Akasema, njoo ule, Bibi Swali. Hakuna aliyeniita hivyo tangu msiba. Nikasema nina kazi.

Na ninayo. Inasemekana toleo lijalo litawarudisha wakongwe wote. Nimeanza tathmini mpya. Sasa nimefika ukurasa wa sita. Nimepitia mapambano yote mawili kwa makini, bila upendeleo, na ingawa ninaweza kuwa nimekosea, nadhani kosa nimeliona.

Sikumweka nyuma vya kutosha.