Nilitafuta Foto ya Kulala mu Hewa, Mususa Yote Ikakimbia

Bandugu, leo nimeisha. Haya nimepata leo, kama ingekuwa makala ya jiko, ningeuzisha mpaka Kanyabayonga na ingebaki tena ya kupikia.

Naandika nikilala juu ya tumbo, sababu mugongo haitaki. Bamoya mutasikia hii habari ku barabara. Afazali musikie kwangu mbele. Munanijua, nikisemaka kitu ni kikubwa, mupunguze nusu. Ya leo, hapana punguza.

Wenye hawanijue: miye ni Kakule, fundi ya biatu. Na niko na bugonjwa moya, foto ya mu hewa. Unaruka, telefone inakupiga foto ule wakati miguu iko bado juu, na ku foto unaonekana mutu anasimama mu hewa kwa amani, hapana ngazi, hapana kamba. Nilishajipiga nikikaa mu hewa kama niko kwa kinyozi. Nilishajipiga nikisoma gazeti mu hewa (gazeti ilikuwa ya zamani, na mambo ya kusoma, muniache). Shida hapana kuruka. Shida ni uso. Miguu inaruka kama ya malaika, mais uso inabaki ya mutu mwenye siafu imeingia mu suruali. Unaruka siku muzima, unapata foto moya yenye uso ya kikristu.

Bon. Leo nilitaka foto ya kulala.

Sababu munaijua. Huku kwetu nani anakumbuka kulala? Tunalala na sikio moya wazi, biatu pembeni ya kitanda, mufuko ya bintu nyuma ya mulango, juu ya vita. Nimechoka mpaka kivuli yangu ikiona kiti, inakaa mbele yangu. Nikajiambia, kama usingizi ya kweli haitaki kuniona, nipate hata ya foto. Kakule mu hewa, kichwa juu ya oreiller, ile muto ya kitanda, macho imefungwa, hapana mutu wa kumusumbua.

Sasa, telefone yangu inaonaka kama muzee mwenye kupoteza miwani. Ya Masika, bibi yangu, njo telefone. Mais ile telefone njo butike yake. Anauzishaka makayabo, samaki ya chumvi, bakiliya bote beko mule ndani, na kila kitu wanaagiza inapita mule. Alienda Beni ku kilio, ku matanga ya shangazi yake, akaenda na katelefone ya tochi, juu ku ile barabara mutu hapendi kubeba kitu ya muzuri. Ile kubwa akaiweka mu kabati, chini ya bikwembe yake ya kuvaa. Kisha akanitazama.

"Kakule, ile telefone, hata vumbi yake hapana gusa. Siku itapotea, utarudi kwa mama yako kule Kasugho, mulime pori bawili."

Masika hatishaki mutu. Anatangazaka tu.

Alisema atafika leo jioni. Nikaona muchana yote ni yangu. Nikainua bikwembe pole pole, kama mutu anaiba mayai chini ya kuku, nikabeba telefone, nikabeba oreiller, nikaenda kwa Papa Ramazani.

Papa Ramazani anauzisha mabati pale ku mutaa ya Mususa. Njo mutu mupole kuliko bote. Hata mvua ya mawe ikimukuta ku barabara, yeye anatembea tu. (Mukumbuke ile, tutaihitaji.) Akakubali nirukie mbele ya butike yake, mais akaniuliza kama kwetu hakuna kitanda. Ngambo ya barabara kulikuwa Mama Kahindo, anauzisha mikate, na ni rafiki ya Masika. Nikavuka kumuomba asimuambie Masika kitu. Akajibu yeye haonaki mambo ya batu. Ile wakati anajibu, alishageuza kiti yake aone muzuri.

Nikavua kiatu ya kushoto, nikaiweka chini, telefone nikaisimamisha mule ndani kama mutoto mu mugongo ya mama. Nikafungua video, juu mu video unaweza kuchagua nyuma ule wakati wenye unapendeza. Oreiller nikaibana na sikio. Nikaruka kwa ubavu.

Paa. Chini.

Nikaruka tena. Paa. Batu ya kupita bakaanza kupunguza mwendo. Mutu mumoya akauliza kama ni dawa ya tumbo. Mama Kahindo yeye akaniita shemeji kwa sauti ya huruma: "Semeki, ni nani anakutupa?"

Nikaelewa shida. Chini iko karibu sana. Ilibidi nitoke juu kidogo. Kulikuwa chukudu, ile pikipiki yetu ya mbao, kiliya moya alikuwa ameiacha pale ku muteremuko, na jiwe chini ya gurudumu. Ile jiwe ilikuwa ndogo. Niliiona ni ndogo. Nikapanda.

Nikafunga macho. Nikapanga uso ya kikristu. Nikaruka. Na chukudu ikaruka, donc kila mutu na njia yake: chukudu kwa muteremuko, miye kwa mabati.

Ile mabati ilikuwa imesimama ku ukuta, mingi. Nikaigonga na tumbo yote. Ya kwanza ikaanguka, ikaita ya nyuma, ya nyuma ikaita ndugu zake. GBAAM. Gba-gba-gba-gba-gba.

Mutu wa inchi ingine akisikia vile, anageuka aone. Huku kwetu hatugeukaki. Unakimbia kwanza, kuuliza ni kazi ya kule unafika. Mama Kahindo akasimama, akaenda, hata mikate hakuiaga. Na mabutike yote ikashusha milango ya chuma kwa mara moya: krrrr-pa, krrrr-pa, krrrr-pa.

Sasa munisikilize muzuri, juu hapa njo akili yangu iliniuzisha. Niko chini ya mabati, masikio inalia kama iko na nyuki. Nasikia ile krrrr-pa. Nikajiambia: Kakule, ile ya kwanza ilikuwa yako, tunakubali. Mais hii ingine ni ya nani? Hii ni risasi ya kweli. Nikatosha kichwa, nikaona Papa Ramazani ameinua kanzu mpaka ku magoti, anakimbia.

Papa Ramazani, bandugu. Siku Papa Ramazani anakimbia, weye ni nani ubaki?

Nikakimbia.

Nilikuta pikipiki ku barabara, nikaipita, chauffeur akala vumbi yangu. Nikapita mama moya na mbuzi yake. Mbuzi ikanitazama kwa heshima. Tukashuka batu bengi mpaka kule chini ku mikaratusi, nyuma ya kiwanja ya mupira, pumzi ikaisha, tukaanguka mu majani. Kuko mwenye alibeba matela ya kulalia, kuko mwenye alibeba sufuria na maharagi yake ikiwa moto. Hapana mutu alikuwa analia. Hata kulia tulishachoka. Mama moya alikuwa tayari anagawanya ndizi kwa batoto, pole pole, kama mutu mwenye kujua siku itakuwa murefu.

Kisha habari ikaanza. Mumoya akasema ni bombe. Mwingine akasema hapana, yeye mwenyewe aliona na macho yake: kuko mutu alitupwa mu hewa, juu kupita nyumba, akaangukia mabati ya Ramazani, akakufa pale pale.

Moyo ikaniuma. Nikawaza bibi ya ule mutu, na batoto yake. Nikavua kofia. Mama wa ndizi akafunga macho akaombea marehemu, na mwisho miye njo nilisema "Amina" ya nguvu kuliko bote. Nikauliza kama banajua ni nani, maskini.

"Hatujui," akanijibu ule mwenye macho. "Amebakisha kiatu moya tu. Ya kushoto."

Nikatazama miguu yangu.

(Fundi ya biatu. Na kiatu moya.)

Na bale batu nabo bakatazama miguu yangu. Kisha bakatazama oreiller, juu nilikuwa nayo bado, nimeikumbatia ku kifua. Ule wakati Mama Kahindo akatokea nyuma yao, macho mekundu, pumzi hana. Akaniona, akasimama.

"Semeki," akasema, "si weye ulikufa?"

Amina yangu ikanirudia mu koo. Mais haya ilikuwa bado haijafika, juu kichwa yangu ilikuwa imebaki ku ile neno moya, kiatu ya kushoto. Mu kiatu ya kushoto kuko telefone. Mu telefone kuko makayabo yote ya Masika. Niliona Kasugho, bandugu. Nilisikia mpaka ndege ya kule ku pori inaniita kwa jina.

Nikaanza kupanda. Na batu bote bakapanda nyuma yangu, matela ku kichwa, sufuria ku mukono. Nilikuwa kama mutu anasindikiza kilio yake mwenyewe. Nikajaribu kuongeza mwendo, muguu ya bila kiatu ikakataa.

Barabara ya Mususa ilikuwa buchi, tupu kabisa. Mabati ilikuwa imelala mpaka katikati. Na pale, juu ya ile chukudu yenye ilikwama ku mutaro, kulikuwa mwanamuke moya amekaa, mufuko ya safari ku magoti, kiatu yangu ku mukono ya kuume, telefone ku mukono ya kushoto.

Masika. Gari ya Beni ilikuwa imefika mbele ya wakati.

Alikuwa amepita pale kufupisha njia ya nyumba, akakuta mabutike yote imefungwa, hapana mutu, na kiatu ya bwana yake chini peke yake. Ile kiatu anaijua, juu njo yeye ananisumbuaka kila siku niishone. Aliita jina yangu mule mu mabati. Aliinua moya moya kunitafuta. Mikono yake ilikuwa nyeusi ya vumbi ya mabati.

"Nilizani umekufa," akasema.

Hakusema kwa nguvu. Miye nikasikia nimekuwa mudogo kama musumari ya kiatu. Nikafungua mikono nimukumbatie, na oreiller ndani.

"Kisha nikaona video," akasema.

Akaongeza sauti. Batu bakasogea, matela na sufuria na bote. Mu video munaona mutu anatosha kichwa chini ya mabati. Telefone iko mbele yake kabisa, mukono inaweza kuifikia. Anaitazama, munaona pua yake yote, kubwa kama ya ngombe. Kisha anatazama oreiller. Anatazama telefone tena.

Anakamata oreiller.

Masika akairudisha nyuma. Akaionyesha tena, kwa wenye balikuwa mbali.

Nilingojea banipige. Na haki bako nayo. Mais Papa Ramazani, mwenye alirudi na batu, akakaa ku mulango ya butike yake, akashusha kanzu pole pole, akapanguza jasho. "Afazali leo tumekimbia bure," akasema. Batu bakaitikia na kichwa. Ile wakati kicheko ikaanza, kwanza kwa mama wa ndizi, kisha kwa bote, ile kicheko ya batu bachovu yenye haiishe, mutu anashika ukuta. Nikapanga mabati yote peke yangu beko banacheka. Mikate ya Mama Kahindo ilikuwa pale pale kama aliiacha. Akanitolea moya. "Ya marehemu," akasema.

Sasa niko ku nyumba. Kuko kitu moya inaniuma kupita mugongo. Mu ile video, mbele ya mabati, kuko kipande kidogo Masika alinionyesha: niko mu hewa, macho imefungwa, oreiller chini ya sikio, uso ya kikristu kabisa. Nalala, bandugu. Miaka yote naruka, foto kama ile sijaipata. Nikamuomba anitumie.

"Uombe oreiller yako ikutumie."

Yeye ameweka ku statut yake, pale bakiliya bote banaona, ile kipande ya kuchagua oreiller. Bakiliya banaandika kutoka Beni, banaagiza makayabo na banasalimia oreiller.

Muniurumie, hapana cheka. Na kama inakataa, mucheke pole pole. Mususa yote imechoka juu yangu, muiache ilale. Miye nitangojea zamu yangu ya kulala: oreiller, Masika amekamata.