Hongo ya Malagarasi

"Kijiji kimehama," alisema Yahaya kabla hata hajakalia benchi. "Kile cha upande wa Kigwa. Redio imesema wananchi wamekwenda barabarani kwa hoihoi na vigelegele, hata kuku walikuwa wanaimba."

Yahaya tulimbandika jina la Redio Mbao, kwa sababu habari ikimfikia na miguu miwili, kwake hutoka na minne na mkia juu. Lakini mwaka ule wa Operesheni Vijiji vijiji vilikuwa vikihama kweli, kwa hiyo hakuna aliyembishia. Aliyeshtuka ni Nassibu peke yake.

"Kama Kigwa inahama," alisema, "ramani yetu tutaichora kwa kitu gani?"

Nassibu alikuwa fundi wa vibatari, na kijiweni aliitwa Kirangozi. Mchezo wa msafara aliubuni yeye, hapo kwenye benchi la kahawa la Bi Tatu, nyuma ya stesheni ya Tabora. Mnachora njia ya zamani kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, mnasimamisha juu yake watu wadogo wa bati, kimo cha kidole gumba, aliowakata kwenye makopo ya maziwa, kisha mnarusha simbi, zile kombe ndogo za pwani. Zinazolala chali ndizo hatua zako. Nassibu ni kirangozi, yule anayeutangulia msafara. Kasimiri ni mpagazi wa pembe. Redio Mbao ni tarishi, na alizaliwa kwa kazi hiyo. Bi Tatu, kwa kuwa kahawa ni yake, ni mtemi wa kila mahali na ndiye anayedai hongo. Hongo ile ya mababu, mnielewe, ada ya kupita katika nchi ya mtu, nguo na shanga zinatolewa hadharani, siyo hii ya siku hizi ya chini ya meza.

Na sheria ni moja tu. Ukishaketi mchezoni unasema kwa kinywa cha mtu wako wa bati. Ukijisahau ukasema kama wewe mwenyewe, unarudi Bagamoyo.

Katika michezo ya nyuma wote walikuwa wameshafika Ujiji isipokuwa Nassibu. Jambo hilo lilimkereketa, maana mchezo ni wake na watu ni wake. Kosa halikuwa lake, lilikuwa la ramani. Walipochora mchangani, kuku wa Bi Tatu alipekua Uvinza yote akala na mdudu. Walipochora kwa chaki, mvua ikaifuta Ugogo na Unyamwezi kwa pamoja. Walipochora kwa unga, akaja mbuzi akalamba kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na hongo hakutoa.

"Kirangozi asiyejua anakokwenda," Kasimiri alipenda kusema, "huyo ni mtembezi tu."

Sasa Kasimiri alijiweka sawa. Enzi zake aliwashikia wapima ardhi mnyororo, na tangu hapo hakuna jambo ambalo hakulipima. "Chaki," alisema. "Sakafu ya saruji, rula, mstari umenyooka. Mvua ikija tunahamia barazani."

"Njia ya msafara ilinyooka lini?" aliuliza Redio Mbao. "Babu yangu alikuwa anazunguka kila mti wenye nyuki. Mchanga, bwana. Mchanga ni mali ya umma."

"Na kuku?"

"Kuku ni kabaila. Tumtaifishe."

"Mtaifishe, halafu kahawa mtakunywa kwa nani?" alisema Bi Tatu, na hoja ya mchanga ikafa hapo hapo.

Nassibu alisema yeye angeichonga ramani kwenye bati, kwa msumari, isifutike milele.

"Milele?" Kasimiri alicheka mpaka akashika mbavu. "Serikali inahamisha Kigwa, wewe unaigongelea misumari? Watakushtaki kwa kuzuia operesheni. Halafu bati juani lina mwako, mtemi atapofuka tumkose wa kula hongo."

"Sisi tunacheza mambo ya mababu. Kigwa ya mababu haihami."

"Utajuaje? Hata babu akisikia kuna kisima kipya atahama."

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa, jambo ambalo Bi Tatu hakulivumilia. Alifungua kapu lake akatoa kipande cha marekani, nguo nyeupe iliyokusudiwa kuwa foronya. Akachokoa jiko lake akatoa kaa lililozimika.

"Nguo na mkaa," alisema. "Kijiji kikihama unakifuta kwa tonge la mkate. Mvua ikija unaikunja, unaitia kwapani. Mchezo ukiisha naifua. Na babu zenu walikuwa wanalipa hongo kwa nguo hii hii, kwa hiyo nyamazeni."

Kwa kweli ilikuwa busara tupu, na Nassibu alimpenda Bi Tatu kwa moyo wake wote kwa dakika ile. Wakaitandika benchini. Kasimiri akachora mito, Redio Mbao akaandika kwa herufi kubwa HONGO kwenye kila kituo, na Kigwa wakaiweka kwa mkaa mwepesi, tayari kwa lolote.

Siku hiyo simbi zilimtii Nassibu. Zililala chali kama zimechoka. Jua halijawa kali, mtu wake wa bati ameshaipita Tabora, ameipita Urambo, amesimama ukingoni mwa Malagarasi, na ng'ambo Ujiji inaonekana.

"Mwangaluka, mtemi," alimwamkia Bi Tatu kwa Kinyamwezi, kama inavyompasa mgeni mwenye adabu. "Naomba njia."

"Hupiti," alisema Bi Tatu, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye birika. "Mto ni wangu. Toa hongo."

"Hongo nimetoa tangu Ugogo, mtemi. Nimetoa kwa kila mwenye kigoda."

"Wamekula wengine. Mimi sijala."

"Na mwenye mtumbwi?"

"Naye ale. Au unataka ashinde njaa?"

Nyuma yao mtu alikohoa. Alikuwa bwana mmoja wa suti ya kijani ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni na mkoba wa ngozi, abiria wa gari la moshi la Kigoma lililokuwa limechelewa kama kawaida yake.

"Endeleeni, ndugu zangu," alisema kwa upole wa kutisha. "Nani hajala?"

Nassibu alikuwa ameshika simbi mkononi. Akisema "huu ni mchezo," amesema kama Nassibu, na Bagamoyo inamngoja. Alitazama Ujiji.

"Mimi sijala," alijibu Bi Tatu, maana naye hakuwa tayari kushuka kitini.

"Wewe ni nani?"

"Mtemi."

"Watemi walikwishafutwa, mama."

"Hao walifutwa kwa kalamu, mwanangu. Mimi ni wa mkaa."

Bwana yule alimgeukia Nassibu. "Na wewe?"

"Kirangozi."

"Kiongozi? Wa ngazi gani?"

"Natangulia, wengine wananifuata."

"Miiko ya uongozi unaijua?"

"Naijua sana. Kirangozi hapitwi njiani."

"Na hongo unatoa?"

"Kila kituo, ndugu. Bila hongo pembe hazifiki."

"Pembe?"

"Za ndovu. Mpagazi wetu ndiye amezibeba, yule pale," alisema Nassibu akimwonyesha Kasimiri kwa hofu na kicheko pamoja.

Kasimiri alizitazama zile kalamu tatu. Alikuwa amelala porini na wapima ardhi, alikuwa amefukuzwa na kifaru, lakini kalamu tatu zilimshinda. "Mimi ni Kasimiri, ndugu, mstaafu," alisema. "Ni mchezo huu. Ndovu hakuna. Watu wenyewe ni makopo."

"Bagamoyo," alisema Bi Tatu bila kupepesa, akamsukuma mpagazi wa bati hadi ukingoni mwa nguo.

Bwana wa suti aliinama. Akasoma HONGO, HONGO, HONGO, tangu pwani hadi ziwani. "Mchezo," alisema. "Taifa zima linapiga vita rushwa, ninyi mmeichorea ramani na vituo. Vizuri sana. Nakwenda kuongoza semina ya rushwa na nilikuwa sina kielelezo."

Akakusanya pembe nne za ile nguo, na watu wa bati ndani yake, akafunga fundo. Gari lilipiga honi. Mkoba ulikuwa umemjaza mkono, kwa hiyo mzigo akautupia begani, akaondoka mbio.

Benchi likabaki tupu. Nassibu alihisi machozi yanamjia, mtu mzima yule, simbi bado mkononi hazijarushwa.

"Niliwaambia chaki," alisema Kasimiri. "Sakafu haikunjwi."

Redio Mbao alikuwa amemfuata yule bwana hadi dirishani mwa behewa, kwa tabia yake. Alirudi akihema. "Nimemwuliza semina inafanyikia wapi. Amesema Ujiji."

"Amesema, au umesema wewe?" aliuliza Nassibu.

"Amesema kwa kinywa chake. Na Wallahi leo sijaongeza mkia."

Wote walimgeukia Bi Tatu, maana hukumu ni yake. Alimimina kahawa polepole.

"Nassibu hakulitaja jina lake," alisema hatimaye. "Na siku hizi Malagarasi ina daraja la reli, hongo yangu imekwenda na maji. Kirangozi yumo garini, amefika Ujiji."

Nassibu alirusha simbi juu, hakuangalia hata zilivyolala. Kasimiri alikuwa ameinama chini ya benchi, akatoka na mpagazi wake aliyeponyoka ncha ya nguo, bati pekee lililobaki Tabora.

"Hapana, haiwezekani," alisema akimpangusa vumbi. "Toka lini kirangozi akabebwa?"

"Tangu kiongozi alipokubali kuwa mpagazi," alisema Nassibu, akaenda kutafuta makopo.