Goti la Mlingoti na Kiti Nilichokihama

Jumapili, 9 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote: mimi ndiye niliyemvunja goti Mlingoti.

Sikumgusa. Nilikuwa mbali naye, juu kabisa jukwaani, nyuma ya mgongo wa shabiki mwenzetu, dereva wa lori. Na hapo ndipo kosa lenyewe lilipo. Sikutakiwa kuwa pale.

Nieleze kwa utaratibu. Mlingoti ni nyota wa timu ya kikapu ya wasichana wa chuo kilicho nyuma ya mtaa wetu. Mrefu, mkimya, akiruka unapata muda wa kupiga chafya kabla hajatua. Sisi mashabiki wake tuna sheria moja: kiti ulichokalia siku timu iliposhinda ndicho kiti chako mpaka msimu uishe. Hakihamwi. Hata ukibanwa. Changu kipo safu ya tatu, kando ya Mjomba.

Jana, robo fainali, mpiga picha wa chuo akatugeuzia kamera. Mimi na kamera hatuelewani. Katika kila picha niliyowahi kupigwa nina sura ya mtu aliyemeza kifungo. Nikanyanyuka kimya kimya, nikapanda juu, nikajibanza nyuma ya dereva.

Kiti hakijapata joto, Mlingoti akaruka, akatua vibaya. Akabebwa. Timu ilishinda, lakini hakuna aliyeimba. Niliporudi chini mbio, Mjomba alikuwa bado kashika kichwa. Hakuniona. Mjomba akitazama kikapu, hata ukimvua shati hana habari.

Naandika haya kwa Kiswahili makusudi. Ile lugha ya darasani nimefundishwa kuandikia maombi ya kazi na insha za faida za maji safi. Huwezi kutubu kwa lugha ambayo kila barua inaishia na "wako mtiifu".

Jumatatu, 10 Machi

Habari za hospitali: kano ya goti imechanika. Kwa Mlingoti msimu umekwisha. Nusu fainali ni Jumamosi hii, naye atakuwa na magongo.

Mtaa mzima umekuwa madaktari. Muuza magazeti anachora goti ukutani kwa mkaa na kuwaelekeza wapita njia. Redio, binti wa Mwenyekiti wa mashabiki, ninayesoma naye, kaja shuleni na bandeji gotini. Nikamuuliza kaumia wapi. Akasema kaumia moyoni, ila moyo haufungiki bandeji. Mwalimu akamhurumia, akamruhusu akae kivulini sisi tukifagia. Kufika mchana alikuwa anachechemea kwa mguu mwingine.

Jioni, kikao. Kimefanyika kwenye duka la Mjomba, ambaye ni kinyozi. Mwenyekiti ni fundi wa friji, ana sauti iliyozoea kushindana na mitambo. Akasema goti haliharibiki bure. Friji ikiacha kugandisha, kuna mtu kaacha mlango wazi. Sasa nani kabadilisha kitu? Kiti, fulana, wimbo, chochote. Ajitokeze, hatutamla.

Nikazitazama ndala zangu. Ndala nzuri. Sikuwahi kuzichunguza vile.

Mjomba akakohoa. Akasema yeye kanyoa ndevu. Ni kweli aliapa mbele yetu sote kutozigusa mpaka kombe lije, lakini Ijumaa zilimwasha, tena mteja mmoja kamuuliza kama kinyozi mwenyewe ana mpango wa kunyolewa lini. Akanyoa.

Watu wakaguna. Muuza magazeti akasema, "Kumbe." Mwenyekiti akatoa hukumu: Jumamosi Mjomba haingii jukwaani. Akipenda atasikiliza akiwa nje, dirishani.

Mjomba akasema sawa. Akachukua ufagio akafagia mahali palipokuwa safi.

Hapo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikapiga mwayo.

Jumanne, 11 Machi

Mama, ambaye ni dada yake Mjomba, kazipata habari sokoni. Akauliza ni kweli watu wazima wenye familia wameketi kujadili kidevu. Mjomba akasema, "Dada, wewe huelewi." Mama akasema anamshukuru Mungu kwa kutoelewa, na akaomba asije akaeleweshwa.

Mjomba hakumaliza chakula. Dukani kwake muziki haukuwashwa siku nzima.

Yeye ndiye aliyenipeleka ukumbini mara ya kwanza, enzi hizo mgeni akinisalimu najificha nyuma ya pazia. Aliniambia jukwaani huhitaji kuongea na mtu. Piga kelele tu na wenzako, hakuna atakayejua ipi ni yako. Mpaka leo ni mahali pekee duniani ninapopiga kelele. Na Jumamosi yeye atakuwa nje dirishani, mimi ndani, nimekalia kiti kilekile nilichokihama.

Lazima nimrudishe. Njia ni mbili. Ya kwanza, kusema ukweli. Ya pili, ndevu.

Nimechagua ndevu.

Jumatano, 12 Machi

Nilijitolea kufagia dukani kwa Mjomba. Nikakusanya nywele. Gundi nilitoka nayo shuleni. Nikamweleza mpango: Mwenyekiti hataki ndevu mpya wala za zamani, anataka ndevu. Mjomba akasema kamwe. Akajitazama kwenye kioo. Akajitazama tena. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akainua kidevu.

Kuna jambo sikulifikiria. Nywele za sakafuni zina wenyewe wengi. Shavu la kulia lilitoka jeusi, kipilipili. La kushoto lilikuwa la mzee mstaafu anayekuja kila Jumatano, jeupe pe. Kidevuni zilikuwa za mtoto mchanga, laini, zikipepea akiongea. Mjomba akafanana na mbuzi wawili wanaogombania mlango.

Kabla sijabandua, Mwenyekiti huyo, na Redio nyuma yake. Akatazama. Akampa Mjomba mkono taratibu, kama msibani. Mjomba akapiga chafya, ndevu zikaruka. Mwenyekiti akajipangusa bega, akajipangusa na paji la uso, akasema, "Ndugu yangu, friji mbovu hata uipake rangi, maziwa yatachacha tu."

Adhabu imebaki palepale. Kibaya zaidi, Mwenyekiti akatoa habari. Mpiga picha wa chuo alilipiga jukwaa picha sekunde ileile Mlingoti alipotua. Itaonyesha wazi kwamba sisi wengine wote tulikuwa mahali petu, na fitina zitakwisha. Nani ataifuata?

Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Mkono huu haunyanyuki hata darasani nikiwa najua jibu. Redio naye akanyanyua wake. Tutakwenda sote wawili. Nimekwisha.

Alhamisi, 13 Machi

Nilibeba chupa ya chai. Nikamwambia Redio ni ya mpiga picha, ya shukrani. Redio akasema mimi ni mtu wa ajabu, na akasema hivyo huku akihamishia bandeji goti la pili.

Mpiga picha akaiweka picha mezani. Nikamimina chai kikombeni. Kikombe kikajaa, nikaendelea kumimina. Picha ikaelea.

Hakukasirika. Alisema ile ilikuwa ya kujaribia wino tu, picha yenyewe ipo kwenye kompyuta. Akatugeuzia kioo. Kubwa, angavu, hadi vifungo vya watu vinaonekana.

Nikajiona. Jicho moja na sikio, pembeni ya bega la dereva wa lori. Kisha nikamwona Redio: kaupa uwanja mgongo, kainua simu, anajipiga picha, mdomo alioubinua unaonekana kwenye simu. Kisha sote wawili tukakiona kiti cha baba yake. Kitupu.

Redio akasahau kuchechemea. Akasema baba alitoka mara moja tu, friji ya bucha ilizima na nyama ilikuwa inaharibika, angefanyaje, wala hakufikiri kamera ingefika kwenye kiti chake. Sauti ilikuwa ndogo, sikujua kwamba anayo sauti ndogo. Nikasema mimi sijaona kitu. Akasema hata yeye hajaona kitu. Tukamsihi mpiga picha asijisumbue kuichapa tena. Tukarudi, tukamwambia Mwenyekiti tumekuta pamefungwa.

Njia nzima Redio alinishika mkono. Sijui kama sasa sisi ni marafiki. Inatisha kidogo.

Jumamosi, 15 Machi

Mpiga picha ni mtu mwema, na watu wema ndio wa kuogopwa. Aliona tumemhurumia kwa kazi, naye akatuhurumia kwa kukosa picha. Kaichapa kubwa kama shuka, kaibandika kwenye mlango wa ukumbi. Zawadi kwa mashabiki.

Tulipofika, wote walikuwa wamejazana mbele yake, kila mmoja akijitafuta. Kila aliyejiona alinyamaza. Muuza magazeti kakalia kiti cha jirani ili akwepe jua la dirishani. Dereva wa lori yupo mahali pake ila kalala, mdomo wazi. Wawili wa safu ya kwanza wamebadilishana viti kwa sababu ya msichana. Katikati, kiti cha Mwenyekiti, kama pengo la jino lililong'oka. Mtu mmoja tu yupo alipotakiwa kuwa, macho, kasimama, mikono kichwani, anamtazama Mlingoti. Kidevu hakina hata unywele.

Mwenyekiti aliisoma picha ile muda mrefu. Mwisho akasema mwanga wake si mzuri.

Ndipo Mlingoti akaja, kwenye magongo, tukampisha. Kwa karibu ni msichana tu, kavimba macho. Akauliza kwa nini kinyozi kasimama kule nje dirishani wakati mechi inaanza. Redio, maana ni Redio, akamsimulia yote kwa pumzi moja, ndevu na mbuzi ndani yake.

Mlingoti hakucheka. Alimgeukia Mwenyekiti, akamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Soli zangu zilikuwa zimelika, laini kama sahani. Kocha kanipa viatu vipya, nikavikataa. Nikasema vya zamani sijawahi kushindwa navyo. Nikateleza. Basi, hakuna kingine." Akahamisha gongo. "Vipya viko kwenye boksi mpaka leo, nikiviona nalia. Halafu nyie mnamfukuza mtu kwa ajili ya kidevu?"

Mwenyekiti akaitikia marahaba. Akaenda dirishani mwenyewe. Akamrudisha Mjomba kwa mkono, akampitisha mbele ya safu nzima, na akasema kwa sauti ya mitambo kwamba kidevu hiki kinampendeza, kinampunguzia umri. Mjomba akasema asante.

Tulipoketi nilimwambia. Nilisubiri waimbe, nikamnong'oneza sikioni kwamba aliyehama ni mimi. Akasema anajua. Alikuwa kageuka kunionyesha jinsi Mlingoti anavyojipanga kuruka, akakuta anaongea na kiti.

Nikamuuliza mbona basi alitaja ndevu. Akasema, "We mtoto, wewe ukikanyagwa ndiye unayeomba radhi. Nikuache usimame mbele ya watu wale?"

Nililia. Hakuna aliyejua, maana msichana aliyechukua nafasi ya Mlingoti alikuwa katumbukiza mpira kutoka mbali na jukwaa zima linapiga mayowe, nami nikapiga yangu humohumo. Tumeshinda. Tuko fainali.

Jumapili, 16 Machi

Mama kaniuliza wiki hii nimejifunza nini. Nikamjibu: viti havivunji magoti, ndevu hazifungi vikapu, na ukweli ukichelewa humtesa asiyehusika. Mama akanitazama kwa fahari, akaenda kuanika nguo.

Sasa, nimekaa nikafikiri.

Mlingoti alisema kwa mdomo wake kwamba na vile viatu vya zamani hajawahi kushindwa. Na ni kweli. Hata siku ile timu ilishinda. Viatu havijashindwa. Kilichoshindwa ni goti.

Na jana kocha kavitupa. Kwenye pipa, nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, viatu visivyojua kushindwa, vimelalia maganda ya machungwa. Nilikuwa napita tu. Nikapita tena.

Viko chini ya kitanda changu. Fainali ni Jumamosi ijayo. Yule anayecheza badala ya Mlingoti ana mguu mdogo kidogo, lakini pamba ikiwekwa mbele vitamkaa. Soli nimezipapasa, ni laini kweli, kwa hiyo nimepanga kuzisugua na msasa, maana mimi si mtu wa kupuuza usalama. Redio atamchechemea mlinzi mpaka nipenye. Nimemweleza mpango huu leo baada ya chakula, akasema ndiyo akili aliyokuwa anaisubiri kwangu siku zote. Inaonekana sisi ni marafiki.

Mjomba hajaambiwa. Atafurahi zaidi akishtukizwa.

Hatua barazani. Si za Mama, Mama yuko uani. Zimesimama mlangoni kwangu. Mjomba ananusa. Anauliza nani kafia humu ndani. Naficha ukurasa huu chini ya godoro. Viatu navyo vijitetee vyenyewe