Msalaba wa Nazario

Jumanne, 30 Aprili
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nina miaka themanini na sita, sikubishana. Kabla sijafa niandike: mwaka 1979 niliuhamisha msalaba wa Nazario. Nazario alikuwa akivusha watu kwa mashua hapa kijijini, kwenye mto ulio mpaka wetu na Marekani. Alizama kwenye mlango wa korongo, na mkewe, Bi Crispina, akasimika msalaba ukingoni, pale alipokata roho. Mimi, mwalimu wa shule, nilikuwa na punda wawili wa kukodisha kwa wageni waliovuka kutoka ng'ambo. Wageni hupenda kupiga picha misalaba. Nikauleta hatua mia mbili, jirani na punda wangu. Kwetu roho hungoja penye msalaba wake. Tangu hapo, kila alasiri, nasikia mluzi korongoni. Mluzi wa mtu anayeita mashua.

Jumatano, 1 Mei
Mpango. Keshokutwa ni Siku ya Msalaba Mtakatifu. Kila familia hupaka rangi misalaba yake. Nitajitolea kupaka wa Nazario, niung'oe, niurudishe kimyakimya. Nimemwambia Bi Crispina. "Mwalimu, wewe na brashi mmejuana lini?" Nikasema uzee umenilainisha. Akasema maji ya moto hulainisha maharage, lakini kuna mengine hayaivi.
Alasiri nilikohoa mara mbili mbele ya korongo. Ukuta wake wa mwamba ulikohoa mara tatu.

Alhamisi, 2 Mei
Nimeung'oa. Nimeufunga juu ya punda. Tumefika, na mahali penyewe hapapo. Mafuriko yalishauhamisha mto; pale alipozama sasa ni ng'ambo. Siku hizi Nazario amefia Marekani, nami sina pasipoti. Nilisimama nimekumbatia msalaba wa watu. Mluzi ukaja. Si kutoka ng'ambo. Nyuma ya sikio langu. Punda alitimka na rangi yote. Nimeuburuta msalaba hadi nyumbani. Nimeuficha chini ya kitanda. Mguu wake umejitokeza.

Ijumaa, 3 Mei
Bi Crispina alikuja na maua, akauona mguu wa msalaba. Nikaungama yote. Akasema alijua tangu wiki ya kwanza. "Ulinipunguzia mwendo, Mwalimu. Nilikuwa na magoti mabaya hata wakati ule." Nikamweleza kuhusu mluzi, kwamba mumewe ananidai mahali pake. Aliacha kufunga maua. "Nazario hakuwa na meno ya mbele. Hakuweza kupiga mluzi hata wa kuita mbwa." Nikauliza, basi ni nani? Akasema hajui. Hajawahi kuusikia. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kuusikia.

Jumamosi, 4 Mei
Tumeurudisha msalaba kando ya njia, pale penye punda wangu, kama atakavyo mjane. Nimetubu. Moyo mwepesi. Nimemwagiza seremala msalaba wangu mwenyewe, mrefu kuliko wa Nazario kwa shubiri mbili. Mchana nilikwenda kuchagua mahali: hatua ishirini mbele ya ule wa Nazario, wageni waanze na wangu. Nilipochomeka kijiti cha alama, mluzi ulitoka ardhini, pale pale chini ya kijiti. Mpole, kama wa mtu aliyeningoja sana.
Nikakichomoa. Nimekisogeza hatua kumi mbele. Huko mwanga ni mzuri zaidi kwa picha.