Ombi la Kusajiliwa Mkimbizi Nyumbani Kwangu Mbagala

Mahabusu, Temeke
11 Machi 1997

Ndugu Wakili wa Wakimbizi,

Pokea heshima zangu kupitia dirisha la nondo. Mimi ni Khalfani Mfaume, balozi wa nyumba kumi, Mbagala. Wiki iliyopita niliwaita maofisa wa msako wamchukue jirani yangu Leonardi, mkimbizi kutoka Burundi, kwa kosa la kupendwa na mtaa mzima kabla hajajitambulisha kwangu. Walikuja. Leonardi akatoa karatasi yenye picha. Nami nilipoulizwa uthibitisho wa uraia, nikatoa maneno. Wakanichukua mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Leonardi ana karatasi, mie nina kovu la chanjo ya ndui. Marehemu Bi Mwanabaraka, mkunga aliyenipokea duniani, hakuandika popote. Angeandika nini, ilhali alinijua?

2. Leonardi ana wakili wa bure, ndiye wewe. Mke wangu Farida alipokuja ofisini kwako, karani alimjibu kwamba mnasaidia wakimbizi tu. Yaani kosa langu ni kutulia kwetu! Imeniuma sana.

3. Maofisa wanataka kunirudisha kwetu. Nimewaambia kwetu ni Mbagala, wakinifungulia mlango nitafika mwenyewe kwa miguu. Wamejaza fomu: "Nchi: haijulikani." Ijumaa lori linaondoka kwenda mpakani, na hawajaamua mpaka upi.

4. Kwa hiyo naomba unisajili mkimbizi. Sifa ninazo. Mwaka 1988 nilimkimbia mke wa kwanza kule Sinza nikiwa na kiatu kimoja, na hofu ya kurudi ninayo mpaka leo. Ila ukimbizi wangu niutumikie nyumbani, maana kambi sizijui. Blanketi mkinipa sitakataa.

Wasalimie makarani wote, hata yule aliyemrudisha Farida, na mlinzi wa getini.

Wako nisiye na nchi kwa muda,
Khalfani Mfaume, Balozi

Baada ya sahihi: Kabla barua haijatoka, wamemwingiza Leonardi humu. Karatasi yake wameichana mbele ya macho yake. Naye anapanda lori la Ijumaa, na mpaka wake unajulikana: ng'ambo wapo waliowaua kaka zake wawili. Wakili, nimeona haya kubwa. Yote niliyoandika hapo juu yafute, uje kwa ajili yake kwanza, tena uwahi. Nathibitisha kwamba Leonardi ni mkazi wangu, namfahamu, ni mtu mwema. Muhuri wamenipokonya, nimeweka dole gumba.