Miti Yangu na Ng'ombe wa Onesifori

Jumatano, 12 Machi

Tangazo! Imakulata, kiongozi wa mtaa wetu, amefunga kikao kwa kutangaza shindano. Kaya itakayotunza mazingira kuliko zote itapewa ng'ombe. Si kuku, si mbuzi. Mtamba mwenye mimba! Vinavyotakiwa: miti, shimo la mboji lililojaa, na ua usio na hata kipande cha plastiki. Wakaguzi watapita siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tukishamaliza kazi ya pamoja.

Ng'ombe huyu lazima awe wangu. Nina miaka arobaini na sita na baba mkwe bado ananiita kijana, kwa sababu sina ng'ombe. Kwenye harusi za ukoo wake nakalishwa mlangoni, napitisha pombe ya ndizi kwa wenye ng'ombe zao. Inauma. Sijamwambia mtu, hata mke wangu Spesioza, lakini inauma.

Kikwazo ni jirani yangu Onesifori. Fundi cherehani, mwimba kwaya. Amekuwa akipanda miti miaka yote bila kuahidiwa chochote. Mtu wa kutilia shaka sana.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata akili! Ya nini kupanda miche na kusubiri izeeke? Nimekata matawi manene ya mkuyu ulio nyuma ya kanisa, nimeyachomeka uani. Asubuhi palikuwa peupe. Mchana, msitu. Spesioza alitoka jikoni, akautazama, akaniuliza mizizi iko wapi. Nikamjibu kwamba wakaguzi hawaji na jembe. Akarudi kwenye kisamvu chake. Mke wangu haoni mbali.

Jumatatu, 17 Machi

Msitu umenyauka. Majani yote chini, nimebaki na nguzo. Onesifori alichungulia kwenye uzio akanipa pole. Akanishauri nisizing'oe, mvua zimeanza, huenda zikashika. Huenda zikashika! Anataka nipoteze muda. Nimeziacha kwa uvivu wangu mwenyewe, si kwa ushauri wake.

Nahamia kwenye mboji. Shimo ninalo, taka sina. Maganda yetu yote Spesioza huwapelekea mbuzi wa dada yake. La Onesifori limefurika mpaka juu. Na Onesifori huenda mazoezi ya kwaya kila Jumanne na Alhamisi.

Alhamisi, 20 Machi

Vikapu juzi, vikapu leo. Mgongo unaniuma, lakini shimo langu sasa linanuka kama la mtu makini.

Ijumaa, 21 Machi

Balaa. Onesifori ameripoti kwamba anaibiwa taka. Mtaa mzima umeitwa. Nilisimama wa kwanza kulaani. Nilisema anayeiba maganda leo, kesho ataiba mtoto. Nilisema kwa uchungu mpaka machozi yakanilenga, na ya kweli kabisa. Imakulata aliguswa. Akanichagua papo hapo kuwa mlinzi wa shimo la Onesifori hadi siku ya ukaguzi.

Watu walipiga makofi. Ni mara yangu ya kwanza kupigiwa makofi mtaani. Nalala nikijisikia mtu mwema.

Jumapili, 23 Machi

Onesifori ananiletea uji lindoni. Anauliza kama nasikia baridi. Wema wake unaniudhi mno, kwa hiyo nimeamua kummaliza.

Binamu yangu Anasitazi anaishi Gisenyi, kila siku anavuka mpaka kwenda Goma. Nilimwomba aniletee mfuko mmoja wa plastiki. Alikataa kabisa, akasema bora nimtume bangi. Nikamkumbusha nani alimfundisha kuendesha baiskeli. Leo ameuleta ndani ya soksi, wa buluu. Mifuko hii serikali imeipiga marufuku. Mtu akikutwa na kitu hiki huku kwetu, hata mchungaji humwombea akiwa mbali.

Nimeufukia katikati ya shimo la Onesifori. Alikuja na uji mwingine nikiwa bado na udongo kwenye kucha. Nikamwambia nilikuwa nakagua usalama.

Jumanne, 25 Machi

Kumbe mboji hushuka! Shimo langu limebonyea katikati, aibu tupu. Onesifori yuko kwaya. Nimechota vikapu vichache tu vya kusawazisha. Nani atanikamata? Mlinzi ni mimi.

Jumamosi, 29 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulimaliza kuchimba mitaro ya barabara, wakaguzi wakaanza kupita, na umati wote nyuma yao. Baba mkwe alikuwepo, na fimbo yake ya mwenye ng'ombe. Tukafika kwa Onesifori. Waligeuza mboji yake kwa uma, safi. Nikawaambia wachimbe zaidi. Wakachimba. Nikawaambia zaidi, pale katikati. Wakafika chini kabisa, kwenye udongo mwekundu. Hakuna kitu! Imakulata alinisifu mbele ya watu kwa uangalifu wangu. Nilikuwa natokwa jasho.

Kisha kwangu. Uma ulizama mara moja tu, ukaibuka na mfuko wa buluu ukining'inia.

Mimi, kwa haraka ya kujiokoa, nikasema huo si wangu, ni wa Onesifori.

Imakulata akaniuliza taratibu, "Umejuaje?"

Adhabu yangu ilikuwa kusimama mbele ya mtaa mzima nimeuinua ule mfuko juu, wakati Imakulata akieleza madhara ya plastiki. Alieleza yote. Mwishowe baba mkwe akasema, "Kijana, shusha mkono. Tumeshaona."

Ng'ombe amechukuliwa na Onesifori. Aliyevunja mwiko wa uji, nasikia, ni Spesioza, kwa kuupiga chini jikoni.

Jumatano, 16 Aprili

Ajabu. Nguzo zangu zimechipua! Majani mabichi, madogo, kila nguzo. Spesioza anakaa chini yake akichambua maharage, na jana nilimsikia akiimba. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Nilifurahi, nakiri. Kisha ng'ombe wa Onesifori akalia, furaha ikaisha.

Jumamosi, 26 Aprili

Ng'ombe amezaa, jike! Na kwa utaratibu wetu, jike wa kwanza hapewi mwenye ng'ombe. Akishaacha kunyonya anapewa jirani. Bado nafasi ninayo!

Nilikaa nikapiga hesabu. Jirani yupi hupewa ndama? Anayetia huruma. Na nani atamhurumia mtu mwenye msitu uani? Spesioza alipokwenda sokoni nikang'oa miti yote. Ilishikilia ardhi kweli, nimechubuka viganja. Nikaipasua kuni. Uani sasa peupe kabisa, pananitia huruma hata mimi.

Jioni Onesifori amekuja mlangoni, kofia mkononi.

"Jirani, yaliyopita yamepita. Ndama nimekupendekeza wewe. Nimewaambia miti yako imeshika, hatakosa kivuli wala majani. Kesho baada ya ibada Imakulata anakuja kuiona, na nimemwalika baba mkwe wako ashuhudie."

Hakuweza kuona uani kutoka pale aliposimama. Nikamshukuru, nikamsindikiza kwa upande wa mbele.

Spesioza amerudi. Ameziona kuni. Amekaa tu pale palipokuwa na kivuli.

Atanishukuru baadaye. Nimeshanoa panga. Mkuyu wa kanisani bado una matawi mazuri tu, na watu wote watakuwa ndani wakiimba. Imakulata haji na jembe.